Yule binti wa kazi wa jirani ana miaka mingapi? Uzi wa ulinzi wa watoto wanaofanya kazi za ndani

#1
Ngazi_ya_Kata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata kwa miaka mingi, sehemu kubwa hapa Dar es Salaam. Kila serikali inapotangaza mkakati mpya wa kulinda watoto, humu ndani swali huwa ni lile lile: sheria iko wapi? Sheria ipo, na si mbaya. Asiyekuwepo ni mtu wa kuandika jina la mtoto anapotoka kijijini kwao kwenda kwenye nyumba ya watu asiowajua. Hapo katikati ndipo watoto wetu wanapopotelea.

Nitazungumzia kundi moja tu, watoto wa kazi za ndani. Wa machimboni, wa mashamba ya tumbaku na wa uvuvini nao wanaumia, lakini huyu wa jikoni ana lake. Mwajiri wake ndiye mlezi wake, ndiye mwenye paa analolalia, ndiye anayeamua apige simu au asipige. Akipigwa saa nne usiku hana pa kukimbilia, maana kazini na nyumbani kwake ni mlango mmoja. Afisa kazi anaingia kiwandani akakagua. Sebuleni kwa mtu haingii hivi hivi.

Safari yenyewe wengi mnaijua. Binti wa miaka 13 au 14 amemaliza darasa la saba, au ameishia njiani. Anakuja mama mmoja anayefahamika pale kijijini, anasema kuna familia mjini ina hofu ya Mungu, inatafuta msichana, baadaye watampeleka akasomee cherehani. Mzazi anaachiwa kitu kidogo. Binti anapandishwa basi la alfajiri Singida, Dodoma, Iringa au Njombe, na jioni anashuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Anayempokea ni mtu mwingine kabisa, dalali, ambaye tayari ameshapatana na mwajiri. Mshahara wa mwezi wa kwanza mara nyingi unaishia kwa dalali huyo. Kama binti alikuwa na kitochi, kinachukuliwa kwa maelezo kwamba simu inaharibu wasichana. Kuanzia siku hiyo hakuna daftari nchi hii linaloonyesha mtoto huyo yuko wapi. Shule aliyotoka imemwandika mhitimu au mtoro. Kijiji kinajua "yuko Dar". Mtaa alikofikia haujui kama yupo.

Sasa tuangalie serikali ilichofanya, kwa haki. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi za usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zimekatazwa kwa mtoto. Ukitazama kipengele hicho peke yake, nyumba ngapi za mjini zinamwamsha binti saa 10 alfajiri achemshe maji na kuwaandaa watoto wenzake waende shule? Tukaja na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, awamu ya kwanza 2017/18 hadi 2021/22, na sasa awamu ya pili hadi 2028/29. Polisi wana Madawati ya Jinsia na Watoto kwenye vituo zaidi ya 400. Ipo namba 116 ambayo mtoto au mtu mzima anapiga bure. Januari 2022 ikaundwa wizara inayosimamia maendeleo ya jamii, jinsia, wanawake na makundi maalum. Hivi vyote ni vitu vya kweli na nimeviona vikiokoa watoto.

Lakini vyote vinasubiri mtu aripoti. Mtoto ambaye hayumo kwenye daftari lolote, asiyetoka nje ya geti, nani anamripoti?

Hoja yangu kwa hiyo ni ndogo na ya gharama nafuu. Mpangaji mpya akihamia, mitaa mingi inamtaka mwenye nyumba ampeleke ofisi ya serikali ya mtaa akaandikwe. Iwe lazima vivyo hivyo kwa kila anayeletwa kufanya kazi za ndani: jina lake, umri, kijiji alikotoka, jina na simu ya mzazi, na aliyemleta. Huko kijijini nako mtendaji aandike nani ameondoka na nani. Madaftari mawili yanayosomana. Leteni mawazo yenu, hasa wenye uzoefu.

#2
Wakili_Mdogo

Mkuu, naunga mkono hoja, na naongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata baadhi ya madalali wenyewe.

Ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Watu wakisikia jina hilo wanafikiria makontena na mipaka ya nchi. Sivyo. Kumtoa mtu Manyoni kumleta Tabata kwa lengo la kumnyonya kunatosha. Kwa mtu mzima, mwendesha mashtaka anapaswa kuonyesha kwamba kulikuwa na hila, vitisho, nguvu au kutumia vibaya shida aliyonayo. Kwa mtoto hahitaji kuonyesha hayo. Ukimchukua, ukimsafirisha au ukimpokea mtoto kwa ajili ya unyonyaji, kosa limekamilika, na mtoto kuwa ndiye mwathirika kunalifanya kosa kuwa kubwa zaidi.

Na hili ndilo la kushika: idhini ya mzazi si utetezi. Dalali hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema "mama yake aliniruhusu". Idhini ya mtoto mwenyewe pia si utetezi. Tena mabadiliko ya mwaka 2022 yameondoa ule mwanya wa kulipa faini ukakwepa kifungo.

Kuhusu kuripoti, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya eneo lake anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Wengi wanadhani kutoa taarifa ni hisani, au ni umbea. Ni wajibu wa kisheria.

#3
Mama_Watatu

Nimesoma hadi mwisho na nimeumia kidogo, kwa hiyo naomba mnisikilize na mimi.

Nina watoto watatu, naondoka nyumbani saa 11 alfajiri kuwahi daladala, narudi saa 2 usiku. Binti niliye naye ni mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu, ana miaka 15. Kijijini alikuwa analala njaa. Kwangu anakula, anavaa, akiumwa nampeleka hospitali, na kila mwezi namtumia mama yake hela. Mkisema kila nyumba yenye binti ikaandikishwe mtaani kana kwamba ni wahalifu, wengi tutawarudisha kijijini, na huko wataolewa kesho yake. Mmefikiria hilo?

#4
Ngazi_ya_Kata

Mama Watatu, asante kwa kusema wazi. Sikuhesabu kama mhalifu, na nadhani unampenda huyo binti.

Naomba nikuulize kwa heshima, dada yangu. Wanao watatu wanasoma? Yeye anasoma? Usiku wanao wakilala, yeye anakuwa anafanya nini? Kumlea mtoto wa ndugu ni jambo letu la tangu zamani na wengi humu tumelelewa na shangazi na baba wadogo. Lakini tuliolelewa hivyo tulikwenda shule pamoja na watoto wa nyumba ile. Anayebaki nyumbani wenzake wakiondoka ni mfanyakazi, hata kama anakuita shangazi. Na mfanyakazi ana haki ya mshahara wake mkononi mwake. Amri ya kima cha chini ya 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Kilikuwa kiasi kidogo, na bado wengi hawakukipata.

Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016. Kuandikishwa mtaani kungekupa wewe nafasi ya kuonana na afisa ustawi wa jamii, mkapanga binti arudi darasani au aingie elimu ya watu wazima jioni. Tunaomba mtoto ajulikane. Hatumtafuti mtu wa kumfunga.

#5
Binti_wa_Cherehani

Mimi sijazoea kuandika huku, mnisamehe. Ninasoma nyuzi tu. Ila hili ni langu.

Nililetwa mjini kabla sijavunja ungo. Nilikuwa nalea mtoto wa miezi mitatu, nafua, napika, nachota maji, usiku mtoto akilia naamka mimi. Nililala jikoni kwenye godoro la mtoto. Mama mwenye nyumba alisema mshahara wangu anautunza, nikiondoka atanipa wote kwa pamoja nikamsaidie mama. Nikaamini. Sikuwa mtu wa kupigwa kila siku, niseme ukweli. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyeniita jina langu. Niliitwa "wewe" na watoto wakaniita "dada". Wageni wakija naambiwa nikae chumbani.

Nilipoomba hela yangu baada ya muda mrefu, kesho yake ikapotea simu ndani ya nyumba. Nikaambiwa ni mimi. Nikatishiwa polisi. Nimekuja kukutana na wasichana wengine wengi, karibu wote wana hadithi ya kitu kilichopotea siku walipodai mshahara. Kilichopotea hakipatikani, na mshahara haulipwi.

Aliyenitoa ni fundi cherehani wa mtaa ule. Nilikuwa napelekwa kwake kurekebisha nguo za shule za watoto. Siku hiyo alinikuta nalia getini, akaniuliza jina langu na la ukoo, na kwetu ni wapi. Akanipeleka kwa mwenyekiti, mwenyekiti akampigia mama wa ustawi wa jamii. Nikakaa kwenye nyumba salama kwa muda, kisha nikarudishwa nyumbani.

Sasa nisikilizeni hapa, maana watu wa serikali wanapenda kuishia pale pa "amerudishwa nyumbani". Nilirudi, nikakuta njaa ile ile niliyoiacha. Mwaka haukuisha nikapanda basi tena, safari hii kwa miguu yangu, bila dalali. Bahati yangu yule fundi alikuwa amenipa namba yake. Ndiye aliyenifundisha kushona. Bila kazi ya mkono ningeishia pabaya zaidi ya pale mwanzo. Kumwokoa mtoto na kumrudisha mikono mitupu ni kumpa likizo tu.

#6
Mnyaturu_Halisi

Binti, pole sana, na hongera kwa kufika hapo ulipo.

Mimi natokea huko mabinti wanakotoka. Nataka niseme upande wa wazazi, maana mjini wanadhani tunauza watoto. Mwaka mvua zikikata, uwele ukakauka shambani, mzazi mwenye watoto sita anahesabu midomo. Mtu akija akasema huyu mmoja atakula mjini, mzazi anashukuru. Hajui mjini kukoje. Hajui hata aulize nini. Wengi hawana namba ya simu ya wanakompeleka mtoto, wanamwachia mungu na yule mama aliyemchukua.

Na yule mama mara nyingi ni jirani au mtu wa kanisani, hafanani na jambazi. Ana watu wake mjini wanaomtumia hela kwa kila binti. Akikamatwa mmoja, kijiji kizima kinamtetea, kwa sababu kuna familia zilizopata mabati kupitia kwake. Kwa hiyo daftari la mtendaji wa kijiji nalikubali, lakini mtendaji naye ni mtu wa pale pale. Itabidi mwalimu mkuu naye ahusike. Mwalimu anajua kila mtoto wa darasa la saba, anajua Januari nani hakwenda sekondari. Orodha hiyo ipo tayari, haihitaji bajeti. Mtendaji na mwalimu wakikaa pamoja kila Januari, kijiji kitajua nani ameondoka.

Jambo jingine ni mimba. Zamani binti akipata mimba shule ilikuwa basi, na wengi ndio waliojaa kwenye mabasi hayo. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi darasani baada ya kujifungua. Kwetu wazazi wengi bado hawajaambiwa. Wanaamini bado ni marufuku.

#7
Koplo_Dawati

Niko Dawati la Jinsia na Watoto, kituo sitakitaja.

Wakuu, naomba niwaeleze kesi hizi zinafia wapi ili lawama ziende panapostahili. Mtoto analetwa, tunaandika maelezo, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama ameumizwa au ameingiliwa, anakwenda hospitali. Pale penye kituo cha mkono kwa mkono, kama hospitali ya Amana hapa Dar, anapata daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, hasimulii aibu yake kwa watu watano tofauti. Pasipo na kituo hicho anasimulia tena na tena, na kila akisimulia maelezo yanabadilika kidogo, na wakili wa upande wa pili anasubiri hapo hapo.

Halafu inaanza ngoja ngoja. Mtoto anatakiwa kutoa ushahidi mahakamani lakini hana pa kukaa. Nyumba salama ni chache, nyingi zinaendeshwa na mashirika. Nimeona wenzangu wakichukua watoto kwenda kulala nyumbani kwao. Baada ya miezi mzazi anapigiwa simu na familia ya mtuhumiwa, anapewa chochote, anakuja kuniambia "afande, tumeyamaliza kifamilia". Shahidi haji, hakimu anafuta. Hakuna kinachonikera kwenye kazi hii kama sentensi hiyo ya kuyamaliza kifamilia. Mtoto hakukaa kwenye kikao hicho.

Kwa hiyo daftari ni sawa, lakini fedha za nyumba salama na nauli za mashahidi zitoke kwenye bajeti ya halmashauri. Zisiendelee kusubiri mfadhili.

#8
Mwenyekiti_Mstaafu

Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa. Wazo ni zuri ila tusidanganyane. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuingia ndani ya geti la mtu. Nilishawahi kugonga nyumba moja kuulizia binti, nikaambiwa niwaone wanasheria wao. Na wajumbe wangu wengi wao wenyewe walikuwa na mabinti wa miaka 13 nyumbani. Unamtuma nani kumkagua nani?

Pia MTAKUWWA ilileta kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Kwenye karatasi mtaa wangu ulikuwa nayo. Ilikutana siku ya semina, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na posho.

#9
Ngazi_ya_Kata

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli tupu na sina cha kupinga kuhusu kamati. Zinazofanya kazi ninazozijua mimi zina mtu mmoja mwenye moyo, mara nyingi mwalimu au mama wa vikoba, na akihama kamati inakufa naye.

Kuhusu mamlaka, hapo ndipo ninapotaka sheria ndogo za halmashauri. Halmashauri zinatunga sheria ndogo za takataka, za ushuru, za mbwa wanaozurura. Zinaweza kutunga ya kuandikisha wafanyakazi wa ndani, na mwajiri asiyeandikisha akatozwa faini. Mwenyekiti hatahitaji kuingia getini. Atauliza karatasi tu, kama mgambo anavyouliza risiti ya takataka. Na anayeletwa kuandikishwa aje mwenyewe, aulizwe maswali mawili matatu mwajiri akiwa nje. Nimeona watoto wakifunguka kwa swali jepesi kama "mara ya mwisho kuongea na mama ni lini?"

Mnyaturu, hoja ya mwalimu mkuu nimeipokea mikono miwili. Sikuifikiria.

#10
Bi_Shangani

Assalaam alaykum. Huku Unguja sheria yetu ya mtoto ni ya 2011, tafauti na ya bara, lakini mambo ni yaya haya. Wasichana wengi wa kazi huku wanatoka bara, wanashuka bandarini na boti. Akishafika huku hana hata jamaa wa kumwendea, bahari iko baina yake na kwao. Basi hayo madaftari mkiyafanya, msisahau bandari. Bara mna stendi, huku kila mtu anapita mlango mmoja. Ni pahala pepesi kabisa kumuuliza msichana mdogo anakwenda kwa nani.

#11
Wakili_Mdogo

Bi Shangani, umenikumbusha. Tikiti ya basi na ya boti zote sasa zinaandikwa jina. Umri wa msafiri ungethibitishwa, na mtoto anayesafiri na asiye mzazi wake akawa na barua ya mtendaji, dalali angefikiria mara mbili. Konda na mkata tiketi wanaona mengi kuliko polisi.

Nimjibu pia Mama Watatu, ambaye naona amekaa kimya. Ofisi ya ustawi wa jamii ikimkuta mtoto anatunzwa vizuri haimwondoi. Sheria inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Kumng'oa mahali anapopendwa si maslahi yake.

#12
Mama_Watatu

Sijakaa kimya, nilikuwa kazini. Nimerudi nikamwuliza binti kama anataka shule. Alinitazama akasema "nani atabaki na mtoto?" Nimekosa jibu. Naomba mtu anielekeze elimu ya watu wazima inaandikishwa wapi Temeke, na kama kuna kituo cha kulelea watoto wadogo cha bei ya kueleweka karibu na Mtoni. Mshahara wake kuanzia mwezi huu atapewa mwenyewe.

#13
Ngazi_ya_Kata

Dada, nenda ofisi ya kata yako, muulizie afisa elimu kata kwa ajili ya masomo, na afisa ustawi wa jamii kwa ajili ya vituo vya watoto wadogo. Vituo vinapaswa kuwa na usajili, kwa hiyo mwombe akutajie vilivyosajiliwa. Ukikwama niandikie ujumbe wa faragha, nitakusindikiza mwenyewe.

#14
Jirani_wa_Kimara

Nimekuwa nasoma tu. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna mtoto, kwa macho yangu hafiki miaka 12. Usiku nasikia anapigwa. Nimeogopa kuonekana naingilia ndoa na nyumba za watu. Nikipiga 116 watanitaja jina?

#15
Koplo_Dawati

Hawakutaji. Piga leo, usisubiri uwe na uhakika wa umri, kujua umri ni kazi yetu. Waambie mtaa, alama ya nyumba, rangi ya geti, na saa ambazo watu wazima hawapo. Kama usiku huu ukisikia anapigwa, usisubiri asubuhi: nenda kituo cha karibu, omba Dawati la Jinsia na Watoto, na wakikwambia urudi kesho andika jina la askari na saa, halafu nitumie mimi ujumbe. Usimwendee mwajiri kumsema kwanza. Akishtuka, mtoto anahamishwa usiku huo huo na hatumpati tena.

#16
Jirani_wa_Kimara

Nimepiga. Wamechukua maelezo yote, wamenipa namba ya kumbukumbu na kusema ustawi wa jamii wa manispaa wanapewa taarifa jioni hii. Nitarudi kuwaambia.